Kiota cha Kushona

Jani moja la mti wa mkungu, jekundu na pana kama kiganja, liliangukia gauni jeupe la bibi harusi lililokuwa kwenye cherehani. La pili likafuata, kisha tawi zima.

"We! We wa huko juu!" alifoka fundi cherehani, tepu ikimruka shingoni. "Huoni watu huku chini?"

Abiria waliojazana kwenye kituo cha basi pale mbele wakageuka. Kijana mwenye ovaroli ya rangi ya chungwa na kamba kiunoni akachungulia kati ya matawi.

"Nimeona watu wengi, dada. Mzuri mmoja tu."

Kituo kizima kikacheka. Fundi, aliyependeza kwa gauni la samawati alilojishonea mwenyewe, alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Shuka uje uokote uchafu wako, tumbili wewe!"

Akashuka, akaokota jani mojamoja. Alikuwa mpogoa miti wa manispaa, na tangu siku ile hakuitwa jina jingine.

Simu zikaanza.

"Umekula?"

"Nimekula, Tumbili. Wewe je?"

"Mimi nimeshiba sauti yako."

"Haya, usije ukavimbiwa."

Nyuma ya kibaraza alichoshonea fundi kulikuwa na chumba cha bati alichoishi na mama yake. Mama alikuwa mgonjwa wa kifua. Joto na vumbi vilimkaba kama mkono wa mtu, lakini mkungu ulikuwa umelifunika bati lote, na mchana alilala chini yake kama mtoto. "Mimi na mti huu tunapumua kwa zamu," alikuwa akisema.

Siku moja Tumbili alichukua kitambaa cheupe akafuta jani moja. Kitambaa kikawa cheusi tii.

"Unaona, mpenzi? Hili vumbi lilikuwa njiani kwenda kifuani kwa mama."

Fundi akalitazama muda mrefu. Kuanzia hapo alimpenda kwa woga, kama mtu aliyebeba yai.

Kisha ikaja simu ambayo haikuanza kwa kuulizana chakula.

"Barabara inapanuliwa," alisema Tumbili. "Miti yote ya upande wenu inakatwa."

"Na wetu?"



"Nimemwomba msimamizi mpaka kanichoka. Mti unaosubiriwa ni wenye kiota cha makinda tu, mpaka yaruke. Ndiyo kanuni yetu. Mkungu wenu hauna kiota, kipenzi."

Kesho yake fundi aliokota kiota kikuukuu cha ndege mnana kando ya uzio wa shule. Kilikuwa kimetoboka. Akakiziba kwa nyasi na uzi wa kijani, akapanda ngazi, akakishonea kwenye tawi la juu ya bati. Hakumwambia Tumbili. Hakutaka kumbebesha uongo.

Kikosi kilipofika, Tumbili ndiye aliyepanda. Alikiona kiota, akaona mishono midogo iliyolingana. Aliijua. Ndiyo ile fundi aliyomshonea kwenye kola ya ovaroli yake.

"Msimamizi!" aliita. "Huku kuna makinda!"

Msumeno ukaruka mkungu ule, ukaenda kwa jirani. Siku hadi siku mtaa ukazidi kuwa mweupe kwa jua, watu wakaanza kutembea wamekunja nyuso. Mama pekee ndiye aliyeendelea kulala mchana.

Halafu siku moja fundi alirudi kutoka kununua vifungo, akamkuta Tumbili juu ya mkungu, kiota kiko mkononi, msimamizi amesimama chini anakitazama.

"Kumbe ni wewe," alisema fundi taratibu.

"Subiri nikuele—"

"Umepanda mpaka juu ya paa la mama yangu uje unichome kwa msimamizi!"

Aliingia ndani akafunga mlango. Jioni haikufika mkungu ukiwa umesimama. Simu iliita, ikaita, ikachoka. Ndani, kesho yake mchana, bati lilikuwa likilialia kwa jua, na mama ameketi kitandani, mdomo wazi, akiitafuta pumzi.

Msimamizi ndiye aliyebisha hodi wiki iliyofuata.

"Binti, mwambie huyo kijana wako arudishe ovaroli. Kazi hana."

"Hana kazi? Kwa nini?"

"Nilishangaa, makinda gani hayaletewi chakula? Nikasema napanda mwenyewe. Akaniwahi, nikamkuta anafumua uzi ili nisiujue mkono ulioshona. Eti kashona yeye! Yule, ambaye hata kifungo hawezi kukirudisha!" Akatikisa kichwa. "Sikukutaja ofisini, binti. Yeye kakataa kabisa kukutaja."

Fundi akapiga simu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unapokea?"

"Nisamehe, Tumbili wangu."

"Nilishakusamehe ulipofunga mlango. Mama anaendeleaje?"

Hapo ndipo fundi alipolia. Daktari alikuwa amesema mama hatamaliza kiangazi ndani ya chumba kile. Mjomba alikuwa na nyumba yenye miti, safari ya siku mbili kutoka pale, na mama hakuwa na mtoto mwingine.

"Nioe twende wote," alisema fundi, yeye aliyekuwa akiona haya hata kushikwa mkono mbele za watu.

"Wadogo zangu wawili wako shule hapa. Hawana mtu mwingine. Niwaache na nani, mpenzi?"

"Basi utatungoja. Utapanda mkungu mwingine, tutarudi."

"Niupande wapi? Wameshamwaga lami mpaka mlangoni kwenu."

Siku ya safari walisubiri gari palepale kituoni. Mama aliketi juu ya sanduku, kanga kichwani, akihema. Hapakuwa na pa kujificha jua. Tumbili akaenda kusimama upande wa jua, kivuli chake kikamwangukia mama. Jua liliposogea, naye akasogea.

"Kaa upumzike, mwanangu," mama alisema.

"Sijachoka, mama."

Fundi akamshika Tumbili mkono, mbele za watu wote, mpaka honi ilipolia.

Alipopata kiti dirishani alimwona bado amesimama palepale, mgongo kwa jua, kivuli chake kimelala juu ya lami, na hakuna mtu aliyekaa ndani yake.