Sauti Nyuma ya Pazia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kengele alifagia chumba cha mbele, akakunja vitambaa vya shangazi yake na kuvipanga kando ya cherehani. Alifanya yote hayo akiimba. Jina la Kengele alipewa na majirani, na hawakumpa kwa mapenzi. Sauti yake ilitoka mlangoni, ikavuka ua na kumwamsha mlinzi wa usiku aliyekuwa ndiyo kwanza amelala.

"We mtoto," shangazi alisema huku ameuma pini, "mwenzio anatafuta usingizi."

"Si uliniambia nisikubali mtu aninyamazishe?"

Shangazi alitoa pini mdomoni. "Nilikuambia. Naona nilikuambia mapema mno."

Kweli alimwambia, tena mara nyingi. Shangazi alishona kola za mashati kiwandani ujana wake wote, na hakusahau hata jambo moja la kiwanda kile. Alimkumbuka msimamizi aliyepigilia madirisha misumari ili wafanyakazi wasichungulie nje. Alikumbuka nani alipandishwa cheo kwa jasho la nani. Kengele alikua akisikiliza mambo hayo kama watoto wengine wanavyosikiliza hadithi za sungura.

Muhula ule mwalimu wa muziki alikuwa akiwafundisha opera. Siku ya kwanza aliingia darasani, akafungua mikono na kuimba kwa sauti nene, "Nani hajafuta ubao?" Darasa zima lilicheka.

"Hiyo ndiyo opera," alisema. "Ni mchezo wa jukwaani ambao watu wake huimba badala ya kuzungumza. Wakigombana, wanaimba. Wakiomba chumvi, wanaimba. Mmoja hutunga maneno, mwingine hutunga muziki. Huyo wa muziki ndiye anayeamua hasira ya mtu ipande hadi wapi."

"Na vipaza sauti?" Kengele aliuliza.

"Hakuna. Pumzi na koo lako tu."

"Na mtu akifa?" aliuliza mvulana wa dawati la nyuma.

"Anaimba kwanza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mtunzi wa muziki amruhusu."

Darasa liliamua kutunga opera yake fupi, kuhusu wafua nguo waliofungiwa kisima na tajiri. Wanafunzi walitunga maneno, mwalimu akatunga muziki. Kengele alipewa nafasi ya mfua nguo anayepanda juu ya kisima na kudai kifunguliwe. Mwimbaji wake wa akiba, kama mchezaji wa akiba kwenye mpira, alikuwa msichana mwembamba waliyemwita Sindano. Kazi yake ilikuwa kujifunza nyimbo zote za Kengele, endapo lolote litatokea.

Walifanyia mazoezi kwenye ukumbi wa shule. Ukumbi ule ulijengwa na wazazi waliobeba matofali kwa mikono yao, ingawa jiwe la ukutani lina jina la mgeni aliyekuja siku moja kukata utepe. Feni hazikuzunguka tena tangu siku hiyo. Joto lilikuwa kali, na watoto hawakutulia.

"Nusu sauti, Kengele," mwalimu alisema akiwa kwenye kinanda. "Leo tunapanga hatua za jukwaani tu. Waimbaji wa opera huitunza sauti mazoezini."

Kengele aliimba sauti yote. Kesho yake akaambiwa tena, naye akazidisha. Moyoni alijisemea: nusu sauti ya nini? Leo nusu, kesho robo, keshokutwa nafasi apewe mwingine. Alipogeuka alimwona Sindano pembeni, midomo ikichezacheza bila sauti.

"Unatafuna nini?"

"Nafuata maneno."

"Kayafuatie kule nje."

Wenzao walicheka. Sindano alihamia mlangoni. Kutoka pale alisikia nyimbo zote, lakini jukwaa hakuliona vizuri.

Onyesho lilipokaribia, Kengele aliamka siku moja akakuta sauti inakwaruza. Hakumwambia mtu. Alikunywa maji ya moto, akajikohoza, akakaa shuleni akinong'ona, akidhani kunong'ona ni kupumzika. Alishindwa kukaa kitini. Kila baada ya kitambo alitoka nje kujaribu kama sauti imerudi, na kila alipoijaribu ndivyo alivyozidi kuiumiza.

Mazoezi ya mwisho yalifanyika siku moja kabla ya onyesho. Alipanda juu ya kisima cha mbao, akavuta pumzi, akafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa kama mlio wa bawaba kavu. Mwalimu aliacha kupiga kinanda.

"Tangu lini?"

"Sasa hivi tu," Kengele alisema kwa shida.

Mwalimu aliinuka kwenye kinanda, akamsogelea. Kengele alitazama viatu vyake, akasogeza mguu huu, akasogeza na ule.

"Tangu juzi," alisema mwishowe.

"Ungeniambia juzi, ningekunyamazisha na leo ungekuwa mzima. Kunong'ona nako kunachosha koo. Kuanzia sasa, hata neno moja usiseme. Sindano ataimba."

Lakini Sindano hakujua hatua hata moja ya jukwaani. Hakujua beseni linashikwa wapi, wala namna ya kupanda kisima bila kuanguka. Mwalimu alifikiri kidogo.

"Kwenye opera mambo haya hutokea," alisema. "Aliyepotewa na sauti huigiza, na mwenzake humwimbia akiwa pembeni. Kafanyeni mazoezi pamoja jioni hii."

Kengele alichukua kipande cha karatasi, akaandika: *Aimbe nyuma ya pazia.*

"Asionekane?" mwalimu aliuliza.

Kengele aliitikia kwa kichwa. Mwalimu alimgeukia Sindano. Sindano alisema, "Sawa," kwa sauti ya mtu aliyezoea kusema sawa.

Jioni walifanya mazoezi chumba cha mbele, nyumbani kwa shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ndiye wewe utakayemsaidia huyu wangu? Haya, imba nisikie."

Sindano aliimba, Kengele akaigiza, stuli ikawa kisima. Sauti ya Sindano haikuwa kubwa, ila ilikuwa safi, na ilifika kila kona. Cherehani ilinyamaza.

"Na kesho utasimama wapi?" shangazi aliuliza.

"Nyuma ya pazia."

"Watu watajua ni wewe?"

Sindano alivuta ukosi wa sare yake. Kengele akaanza kutembea kutoka dirishani hadi mlangoni, akarudi.

"Kaa," shangazi alisema. "Haya, usikae, lakini nisikilize. Nimeshona kola zisizo na idadi. Nilipomaliza, kila shati lilishonwa lebo yenye jina la mtu asiyejua hata uzi unapitishwaje. Ninakumbuka kila kitu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Sasa unataka kumfanyia mwenzako yaleyale, tena ndani ya nyumba yangu?"

Kengele alinyakua penseli. *Nafasi ni yangu.*

"Ni yako. Na sauti ni ya nani?"

Kengele aliinamia karatasi. Penseli ilisimama juu yake, ikagusa, ikaondoka. Alimtazama Sindano, ambaye hakuomba chochote. Jibu lilijulikana, na hilo ndilo lililomkera. Mwishowe aliandika, akainuka akampa Sindano asome: *Yako. Simama mbele, mwanga ukufikie. Samahani kwa kule mlangoni.*

"Nitatetemeka," Sindano alisema.

Kengele alipandisha mabega, akaandika tena: *Tetemeka. Ila usiache kuimba.*

Kesho yake mwalimu aliwaambia watu ukumbini nani ataigiza na nani ataimba. Minong'ono ikapita, pazia likafunguka. Sindano alisimama ukingoni mwa jukwaa, mikono imekakamaa. Wimbo wa kwanza ulitetemeka kweli. Wa pili ulisimama. Kengele alipopanda juu ya kisima na kuinua beseni, sauti ya Sindano ikapanda naye, na nyuma ya ukumbi mtu mzima mmoja akajisahau akasema, "Wafungulieni."

Watu walipopiga makofi, Kengele alimfuata Sindano ukingoni, akamvuta mkono hadi katikati. Aliona wivu kidogo kusikia jina la Sindano likiitwa, si lake. Hakuuachia mkono.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, shangazi alisema, "Sikia. Niliposema usikubali kunyamazishwa, sikusema ujimalize mwenyewe. Mwili ukiuma, sema mapema, usaidiwe. Na kazi ya mwenzako itaje mbele za watu, hata kama ni wewe uliyetaka kupigiwa makofi. Anayeficha jasho la mwenzake ni mwizi, hata akiwa mtoto ninayempenda. Umenielewa?"

Kengele alifungua mdomo kujibu.

Shangazi aliinua kidole. "Kwa kichwa tu."