Kadi ya Kiongozi wa Njia

Saa moja na nusu asubuhi, Aristides Mlay alikutwa kitini nyumbani kwake Shirimatunda, paji la uso juu ya ramani, kisogo kimepasuka.

Mkaguzi Rukaiya aliitazama meza kabla ya maiti. Ulikuwa mchezo wa vita aliouchora marehemu mwenyewe: Waingereza na Wajerumani, mwaka 1916, kutoka Taveta hadi Kahe. Vipande vya mbao ndivyo vilivyokuwa majeshi. Jumamosi ungeonyeshwa katika ukumbi wa parokia.

Kati ya vipande lilikuwepo jani bichi la sale, limefungwa fundo.

Mlango haukuvunjwa. Simu ilikuwepo. Jiwe la kukandamizia ramani lilikuwa na damu, lakini alama za vidole zilikuwa zimefutwa.

Hilaria, mpwa aliyeikuta maiti, aliulizwa kama kuna kilichopungua. Aliikagua meza, akanyoosha kidole. Waingereza walikuwa wametokea nyuma ya Wajerumani. Kwa kanuni za mjomba wake, wasingeweza kufika pale bila kadi ya kiongozi wa njia. Kadi haikuwepo.

"Imeandikwa nini?"

"Jina la Mchagga aliyewaonyesha njia, na shamba walilomzawadia. Lilikuwa la watu waliochukuliwa upagazi wasirudi. Ni babu wa mzee Wenseslaus wa Kibosho."

"Naye anacheza?"

"Kila Jumatano. Ila juzi alimtukana mjomba, akamwita mchawi wa makaratasi."

Wenseslaus alikutwa Kibosho akimkatia ng'ombe majani. Rukaiya alimwamkia, akaitikiwa marahaba. Mzee alikana kushuka Shirimatunda jana yake.

"Sale la mezani ni la nani, mzee?"

"Labda ni alama ya mpaka. Mipaka si tunapanda masale?"

"La mpaka halifungwi fundo. La fundo hupelekwa na mkosaji, kuomba msamaha. Wewe ndiye uliyemtukana."

"Mtoto wa mjini, mambo ya masale umeyajulia wapi?"

"Kwa majirani. Kadi umechukua, jiwe umefuta. Sale umeliacha. Kwa nini?"

Wenseslaus aliweka mundu chini.

"Sale likishatolewa, halichukuliwi tena."

Kituoni alieleza bila kupandisha sauti. Alikuwa amemwomba Aristides aliondoe jina la babu yake. Katika shamba lile amewazika wazazi wake, na mwanawe anajenga hapo. Wajukuu wa wale wapagazi ni majirani zake. Husali nao benchi moja, na hakuna anayejua.

"Sale halikataliwi," alisema. "Yeye alilipokea, akaliweka juu ya ramani. Akasema, hicho ndicho kikosi chako cha akiba, tuendelee kucheza. Nikaokota jiwe."

Kadi ilikutwa katika mfuko wa koti lake la kanisani, haijachanwa.

"Itasomwa mahakamani?" aliuliza.

"Ni kielelezo, mzee. Itasomwa kwa sauti."

Wenseslaus aliitazama kadi kwa muda, kisha akatia sahihi maelezo yake.