Mistari Kumi na Moja ya Mkula

"Kung'uta! Kung'uta tena, zebaki ishuke!"

Sauti ya Mzee Anselim ilipenya ukutani kabla Kassian hajafungua mlango wa chumba cha kompyuta. Ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi, Mei 1996, mjini Ifakara. Chumba cha pili, mzee alikuwa akiwafundisha wapimaji wapya wa utafiti wa homa namna ya kutumia themomita.

Kassian alipoingia alimkuta Dativa, mchapaji wa takwimu, amesimama kando ya kiti chake kama aliyekatazwa kukikalia. Mbele yake, Mama Bernadetha, mkuu wa ofisi, alikuwa ameshika karatasi.

"Watoto kumi na mmoja wa kijiji cha Mkula," alisema Mama Bernadetha. "Wote wamepewa vidonge vya malaria. Joto lao? Thelathini na sita nukta nane. Thelathini na saba nukta moja. Nani anampa vidonge mtoto asiye na homa? Takwimu hizi zimepikwa."

"Mama, mimi nilichapa kilichokuwa kwenye fomu."

"Fomu zililowa stoo zikawa uji. Kassian, nakala yako inasemaje?"

Kassian alivimba kidogo kwa fahari. Yeye ndiye aliyeandika skripti, maagizo mafupi ambayo kila siku saa nne kasoro robo yalilinganisha folda ya kazi na folda ya nakala, kisha yakanakili faili lolote lililobadilika. Alifungua ripoti. Tangu faili la Mkula linakiliwe mara ya kwanza, Aprili, skripti haikuona tofauti hata siku moja.

"Halijaguswa," alisema. "Liko kama lilivyochapwa."

"Basi nimesikia." Mama Bernadetha alikunja karatasi. "Saa sita nasaini barua. Dativa, kusanya vitu vyako."

Mlango ulipofungwa, Dativa hakulia. Alimtazama Kassian mpaka kijana akainamisha macho.

"Miaka minne nachapa hapa. Nikitoka na jina la mwongo, nani Ifakara hii atanipa kazi tena? Skripti yako inalinganisha nini hasa?"

"Ukubwa wa faili. Kusoma kila herufi kunaichosha mashine, ni kuukuu."

"Ukubwa. Thelathini na tisa nukta mbili ina tarakimu ngapi?"

"Tatu, na nukta."

"Na thelathini na sita nukta nane?"

Kassian alielewa: ukubwa ni uleule, na skripti isingeona kitu. Alivuta kiti, akaita amri ya diff, ile inayosoma mafaili mawili mstari kwa mstari. Kioo kilijaa. Mistari kumi na moja ilitofautiana. Faili la kazi lilikuwa na joto la kila namna. Kwenye nakala, iliyobaki kama ilivyokuwa Aprili, mistari yote kumi na moja ilisema 39.2.

"Ndicho nilichochapa," Dativa alisema polepole.

Saa ya faili ilionyesha badiliko la mwisho: Jumanne, saa nne na dakika kumi. Mwenye faili: dativa.

"Jumanne nilikuwa kliniki ya mtaa wa Viwanja Sitini na mwanangu. Niliondoka saa tatu. Mashine niliiacha wazi, kosa langu hilo."

"Nani alibaki?"

"Nkwabi dereva. Na Mzee Anselim."

Nkwabi alikuwa uani akiosha Landrova. Aliposikia swali alicheka mpaka akaangusha ndoo.

"Mimi? Kijana, mimi nachapa kama kuku anavyodonoa. Mistari kumi na moja ningeimaliza Krismasi! Jumanne saa tatu na nusu nilikwenda Sanje. Soma kitabu cha gari, kilomita zote zimo."

Kassian alisoma. Zilikuwemo, pamoja na saini ya muuguzi wa Sanje, saa tano.

Alirudi mbele ya kioo, akaisoma nakala upya. Watoto kumi na mmoja, nyumba mbalimbali, siku moja. Joto moja, bila kupishana hata nukta. Homa haigawi sawasawa namna hiyo. Akasoma safu ya mwisho, namba ya mpimaji. 04. Kote 04.

Saa sita kasoro dakika kumi, aliwaita wote ofisini kwa Mama Bernadetha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nina swali la mwanafunzi. Themomita isipokung'utwa, mtoto wa pili itamwonyesha nini?"

"Itabaki palepale ilipofikia kwa yule wa..." Kassian aliweka karatasi mbili mezani, nakala na faili la kazi, akanyooshea kidole 04, namba ya Mzee Anselim.

Mzee alivua miwani. "Siku ile nami nilikuwa na homa. Maji yalikuwa kiunoni njia nzima. Niliikung'uta kwa wa kwanza, baada yake mkono ukasahau. Jumanne nikapita hapa, nikaona kwenye kioo safu nzima ya thelathini na tisa nukta mbili. Miaka ishirini na miwili nafundisha watu kukung'uta. Nilijiona nachekwa mpaka na wanangu, nikazibadilisha mojamoja."

"Ukamwacha Dativa achekwe badala yako?" Mama Bernadetha aliuliza.

"Nilidhani mtailaumu mashine. Mashine haina aibu. Leo asubuhi nilisikia kila kitu ukutani, nikazidi kupaza sauti ili nisisikie."

Mama Bernadetha alichana barua ya Dativa, akaingiza karatasi mpya kwenye taipureta. "Kumi kati ya watoto hao huenda walimeza dawa bure, Mzee Anselim. Jumatatu mtakwenda Mkula na Nkwabi, mkawaone mama zao. Mengine yatafuata."

Nje, Dativa alikuwa akifunga kanga yake. Kassian alimfuata.

"Dada Dativa, tumeshinda."

"Tumeshinda? Asubuhi ulisema halijaguswa, na hukufungua hata faili moja. Kama nisingekuuliza, saa hizi ningekuwa njiani nyumbani."

Kassian aliitikia kwa kichwa.

"Leo hii naiandika upya skripti, isome herufi kwa herufi hata ikichukua mchana kutwa. Na siku nyingine, kabla sijasema neno juu ya kazi ya mtu, nitaikagua kwanza yangu. Nakuahidi."