Kijiti Ndani ya Kitasa

Ndeshi ana miaka sita. Anaishi Mwanga na Bibi yake.

Uani kwao kuna gari la zamani la buluu. Marehemu Babu alilinunua kabla mama yake Ndeshi hajazaliwa.

Asubuhi moja Bibi alivaa kitenge kipya. Alikuwa anakwenda Same. Dada yake alikuwa mgonjwa, na alikuwa anamsubiri.

Bibi akaketi kwenye usukani. Ndeshi akaketi kando yake. Bibi akaingiza ufunguo.

Kli, kli, kli.
Ufunguo haukuzunguka.

Bibi akautoa. Akaufuta kwa kitenge. Akauingiza tena, polepole.

Kli, kli, kli.
Ufunguo haukuzunguka.

"Labda umechoka," Bibi alisema. "Una miaka mingi."

Ndeshi akatazama vidole vyake vya miguu. Yeye alijua.

Jana alicheza udereva. Hakuwa na ufunguo, akatumia kijiti cha kiberiti. Kijiti kikakatika ndani ya kitasa cha gari. Tak. Hakumwambia mtu.

Bibi akamwita Fundi Mrutu. Fundi akaja na kisanduku chake. Naye akajaribu.

Kli, kli, kli.
Ufunguo haukuzunguka.

"Mama, kitasa kimekufa," Fundi alisema. "Itabidi nikitoboe, niweke kingine."

"Na ufunguo wa Babu?" Ndeshi aliuliza.

"Hautafanya kazi tena."

Bibi akaufumbata ule ufunguo. Ulikuwa umelika upande mmoja, pale Babu alipokuwa akiushika kwa dole gumba.

Fundi akachukua drili.

Moyo wa Ndeshi ukapiga. Du, du, du.

"Fundi, subiri," alisema kwa sauti ndogo. "Humo ndani mna kijiti. Nilikitia mimi."

Bibi akamgeukia.

"Mbona hukuniambia?" Bibi aliuliza.

"Niliogopa utakasirika."

"Nimekasirika kidogo," Bibi alisema. "Njoo hapa."

Ndeshi akasogea. Bibi akamkumbatia.

Fundi akaweka drili chini. Akachukua tochi na kibano chembamba. "Chungulia," alimwambia Ndeshi.

Ndani ya kitasa kulikuwa na vibati vidogo vya shaba, vimejipanga kama meno.

"Ufunguo ukiingia, vyote vinakaa sawa," Fundi alisema. "Kimoja kikikwama, gari haliwaki."

Akavuta taratibu. Kijiti kikatoka. Kilikuwa kidogo kama punje ya mchele.

Bibi akaingiza ufunguo. Ukazunguka.

Krrr… krrr… vrumm.

Bibi akafumba macho kidogo, akausikiliza mlio ule. Kisha wakaondoka.

Same, dada yake Bibi alikuwa ameketi kitandani, amejifunika shuka.

"Mbona mmechelewa?" aliuliza. "Nilidhani hamji tena."

Bibi alimtazama Ndeshi.

"Ni mimi, Bibi," Ndeshi alimwambia mgonjwa. Akamweleza yote. Safari hii sauti yake haikuwa ndogo.

Yule mgonjwa akacheka, akakohoa, akacheka tena. Halafu akaomba uji. Tangu jana alikuwa hajala kitu.

Jioni Ndeshi alipanda kitandani, akalala katikati yao. Dada wale wawili waliongea kwa sauti ya chini, mkono wa mmoja umeshika mkono wa mwingine, juu ya tumbo la Ndeshi.

Alitaka kuwasikiliza mpaka mwisho. Akasinzia.