Mlango Ambao Devotha Hakuufungua

Walisema Kilian, mpenzi wa Devotha, ana mwanamke Mbamba Bay, anayelia ndani ya simu yake. Uvumi huo Devotha aliuokota saluni, akaubeba hadi nyumbani, akashindwa kuutua.

Devotha na Kilian walikutana sokoni Mbinga, kelele tupu. Devotha, gauni la kitenge cha njano, alikuwa akipima maharage. Kijana mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, akasogeza simu kwenye debe, akirekodi.

"Dada, yamwage tena, polepole."

"Wewe mzima kweli?"

"Natengeneza gemu. Giza tupu, umejifungia ndani, unasubiri. Kuna kitu nje. Hukioni, unakisikia tu. Ukitikisa simu, umekufa. Hayo maharage ndiyo nyayo zake."

"Kumbe nauza miguu ya jini!" Akacheka, akayamwaga tena.

Miezi minne simu hazikupoa.

"Umekula, asali wangu?"

"Nimekula. Jini lako je?"

Ndipo ukaja uvumi. Siku moja Kilian alimtembelea, akatoka kununua vocha na kuacha simu yake mezani, Devotha akaichomeka hedifoni. Kimya. Kimya. Kisha mwanamke akalia, "Nifungulie, Kilian!" Devotha akaondoka, akazima simu yake mwenyewe.

Jumapili wazazi wakiwa kwenye sala za jumuiya, mlango ukagongwa.

"Hodi!" Sauti ya Kilian.

Devotha akasimama nyuma ya mlango, akabana pumzi, kama mchezaji wa lile gemu. Hodi ya pili. Ya tatu. Nyayo zikaondoka taratibu. Akajiona ameshinda.

Kesho yake dada yake Kilian, Beata, akapita sokoni na ndoo ya dagaa.

"Wifi, unatukimbia? Umeamini ule uvumi wa mwanamke anayelia? Mimi ndiye niliyelia kwenye lile gemu. Nililipwa soda moja!" Kisha kicheko kikakatika. "Jana Kilian alikuja na mshenga. Mzee Tadei, msimamizi wake wa kipaimara. Alisafiri tangu alfajiri na barua ya posa, akasimama juani kwenu mpaka akashika ukuta."

Maharage yalimmwagika Devotha. Siku ileile akateremka ziwani, akamkuta Kilian kwenye vichanja vya dagaa.

"Nisamehe, mpenzi."

"Nimeshakusamehe. Ila mzee ameumia. Twende, lakini mwambie hukuwepo. Yataisha."

Devotha alipiga magoti mbele ya Mzee Tadei. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu, mwepesi.

"Shikamoo, babu. Nilikuwepo. Nilikusikia, nikanyamaza."

Mzee akaitikia salamu.

"Marahaba. Umesema kweli, oaneni. Lakini barua ataipeleka mwingine. Mimi mlango ule siurudii."

Walifunga ndoa baada ya mavuno ya kahawa. Mzee Tadei alikaa benchi la nyuma kanisani, akaondoka kabla ya pilau. Devotha, shela kichwani, alimwona akitoka, asiweze kumkimbilia.

Basi, binti unayesoma, epuka haya:
Maneno ya saluni.
Kusikiliza simu ya mwenzio kwa siri.
Kuzima simu kabla ya kuuliza.
Kumnyamazia anayebisha hodi.
Kudhani msamaha wa mpenzi ni msamaha wa wote.