Darubini Iliyogeuzwa

Krr. Kimya. Krr, krr.

Usiku wa manane mama mtoto akafumbua macho, na sauti anaijua: kile kigurudumu cha kurekebishia darubini ya mumewe kinazungushwa taratibu. Lakini darubini imetundikwa msumarini, mumewe, mlinzi wa ghala, anakoroma ubavuni, na mtoto kalala kwenye kitanda chake kidogo. Sasa nani anazungusha?

"Panya," mume akasema asubuhi.

"Panya gani ana vidole, baba mtoto?"

Akacheka, akaishika darubini, kicheko kikamkauka. Wenzake kazini huichezea, ndiyo maana alitia tone la rangi ya kucha za mkewe kwenye kigurudumu, pale macho yake yanapouona vizuri uzio wa mbali. Tone limehama. Mke akatazama bila kukigusa kigurudumu: chumba kizima ukungu, isipokuwa kitanda cha mtoto. Hapo hata kope zilihesabika.

Akampigia simu mama mkwe.

"Jini huyo, mwanangu, kampenda mtoto. Ukimwona, geuza darubini, mtazame kwa upande mkubwa. Itamsukuma mbali."

Usiku ule krr ikaja na harufu ya nywele zilizoungua, na kitu kirefu kimeinamia kitanda, na yeye akaikwapua darubini, akaigeuza, akatazama, na kile kitu kikaenda, kikaenda, kikawa kama punje, kikatoweka, naye akashusha pumzi, alhamdulillahi, ndipo akakumbuka kwamba ndani ya kioo kilikuwamo na kitanda, na mtoto, na mtoto naye alikuwa amekwenda.

Akamkumbatia. Yupo, wa moto, mdomo wazi, analia. Lakini kilio kinatoka nje, dirishani.

Akaigeuza tena darubini amvute. Ukungu mtupu, kigurudumu hakizunguki.

Akamwamsha mumewe, akamweleza yote mbiombio, na kilio kikavuka barabara. Akampigia mama mkwe, akaeleza tena, kikapita mapaa ya nyumba za ng'ambo.

"Nyamaza!" Mume akamziba mdomo kwa kiganja, machozi yanamtoka. "Huoni? Kila ukisimulia, anazidi kwenda!"

Akanyamaza. Akatega sikio kwenye kile kinywa kidogo kilicho wazi, hakuna kitu, pumzi tu, na huko mbali, mbali kabisa, sauti nyembamba kama uzi inamwita mama.

"Simwambii mtu mwingine," akanong'ona. "Wallahi, mwanangu, simwambii mtu. Baki hapo hapo ulipo."