Skrubu Nyeusi Ndani ya Hita

Mzee Klachi alikuwa amelala chali sakafuni mwa gari, upande wa abiria, miguu ikining'inia nje na bisibisi ameing'ata kwa meno, alipoiona taa. Ilikuwa nyekundu, ndogo kama jicho la panya, ikiwaka na kuzima nyuma ya sanduku la hita, mahali ambapo gari halina taa yoyote. Na betri alishaitoa tangu asubuhi.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne. Gari lilikuwa uani kwake, dashibodi imeng'olewa na kulazwa juu ya mkeka, nyaya zimetoka nje kama matumbo ya kuku. Shida ilikuwa hita. Kapeti ya abiria ilikuwa inalowa, ndani kunanuka utamu kama dawa ya kikohozi, na ukiwasha hita asubuhi ya baridi kioo cha mbele kinapata ukungu mzito hadi barabara inapotea. Rejeta ndogo ya hita inavuja, hilo hata kipofu angelijua kwa pua. Gereji walitaka kulala na gari wiki nzima. Akasema ataifungua mwenyewe. Alimwaga maji ya rejeta, akachomoa mipira miwili nyuma ya injini, mmoja ukamtemea kifuani, akatukana peke yake, akaendelea.

Sasa rejeta ya hita ilikuwa haitoki. Aliivuta, ikagoma. Alipomulika tochi akaona kwa nini: skrubu ndefu imepita kwenye plastiki ya sanduku na kuingia moja kwa moja kwenye rejeta, ikaishikilia kama msumari ulioshika picha ukutani. Maji yalikuwa yakichuruzika taratibu kwenye tundu hilo. Na kichwa cha skrubu ndicho kilichobana kile kidude chenye taa.

Alikijua. Matajiri huwafungia madereva wao vidude hivyo ili wajue gari liko wapi. Hata skrubu aliijua. Nyeusi, nyuzi pana, kichwa kimechanuka kama tarumbeta. Ni skrubu ya kufungia mbao za dari. Na mkwewe alikuwa fundi wa dari.

Bisibisi ikamdondokea shingoni.

Binti yake alikuwa amemkimbia mumewe na mbavu iliyovunjika. Alijificha kwa shangazi yake, akapatikana. Akahamia kwa nesi mwenzake, akapatikana. Akapanga chumba cha wageni mbali kabisa, mume akavunja mlango, binti akatokea dirishani. Siku hiyo mume alimpigia kelele akiwa barabarani: "Safari ijayo sitagonga!" Kote huko alikwenda na gari hili. Juzi tu, kioo kilipomshinda kwa ukungu, ndipo akaliacha kwa baba yake na kwenda kwa miguu kwa mshonaji, rafiki wa marehemu mama yake. Na huko kulikuwa kimya.

Mzee akapiga simu.

"Baba? Umemaliza hita?"

"Mwanangu, usitoke humo ndani. Hata dukani usiende. Nani aliwahi kushika ufunguo wa gari?"

"Mbona unahema hivyo?"

"Nijibu kwanza."

"Wewe na mimi. Fundi redio alipofunga spika. Shangazi siku ya kliniki. Na Mwenyekiti wa mtaa, alipoomba kubebea viti vya mkutano. Baba, kuna nini?"

"Hakuna kitu," akasema, na sauti ikamsaliti.

Alianza na dada yake, kwa kuwa mdomo wa dada yake hauna kitasa. Alimkuta anaanua nguo.

"Dada, ulipoazima gari, lililala wapi?"

"Lililala? Kwani gari ni mgeni? Nilikwenda kliniki, nikakaa kwenye benchi mpaka makalio yakafa ganzi, nikarudi." Kisha akaelewa. Shuka likamponyoka. "Kaka, unanishuku mimi? Mtoto niliyembeba mgongoni?"

"Namshuku kila mtu. Hata mimi mwenyewe."

Fundi redio aliigeuza ile skrubu kiganjani akacheka, kisha akaacha kucheka alipouona uso wa mzee.

"Mzee wangu, hii nifungie spika? Ningetokea kwenye injini. Aliyefunga hii hajui gari. Hajui kama nyuma ya plastiki kuna maji. Na si kazi ya kuibia barabarani. Gari lilikuwa limetulia ndani ya geti, ufunguo upo, mtu anajinafasi."

Mzee akaenda polisi. Askari wa kaunta alikisikiliza kisa chote huku anakuna sikio kwa kifuniko cha kalamu.

"Mambo ya mke na mume hayo. Niletee barua ya Mwenyekiti wako, ndipo tufungue jalada."

Mzee Klachi aliyajua majibu hayo. Mkewe alikata roho wodini wakati wauguzi wanamsaka mkubwa fulani aliyeondoka na ufunguo wa stoo ya dawa. Tangu hapo neno "subiri" hulisikia kama tangazo la msiba. Lakini afanye nini? Akaenda kwa Mwenyekiti.

Mwenyekiti alimpokea sebuleni kwa mikono miwili.

"Karibu, mzee mwenzangu! Umeifungua dashibodi? Na juzi nilikwambia, usijitese. Unganisha ile mipira miwili, maji yasifike kwenye hita, basi. Hita ya nini?"

"Nataka barua ya polisi. Mkwe wangu anamfuatilia binti."

"Barua utapata hata sasa hivi. Ila lazima nitaje anapoishi, la sivyo haikubaliki. Yuko wapi mtoto?"

Mzee akafungua mdomo. Neno "mshonaji" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akainua macho kidogo, kama mtu anayetafuta namna ya kulianza, akaiona dari. Mpya, nyeupe pee, imepambwa maua pembeni. Kwenye kona ya juu ya kabati rangi ilikuwa haijafika, na pale vilionekana vichwa vitatu vyeusi, vimechanuka kama tarumbeta.

Juzi yule bwana hakuwa anamwonea huruma. Alikuwa anaizuia dashibodi isifunguliwe.

"Mzee mwenzangu, yuko wapi?"

"Yuko..." Aliyashusha macho kutoka darini. "Yuko kwangu. Kwenye stoo ya uani. Nimemfungia kwa nje, wewe ndiye wa kwanza kuambiwa."

"Vizuri sana," akasema Mwenyekiti. "Vizuri sana. Barua njoo kesho."

Mzee alitembea taratibu hadi kona, kisha akakimbia kama hana miaka yake.

Saa kumi alasiri walikuwa wanne gizani ndani ya stoo: yeye, dada yake, fundi redio, na askari wa kaunta, ambaye dada huyo alimpigia kelele mbele ya watu mpaka aibu ikamwinua kitini. Fundi redio ndiye aliyefunga kufuli kwa nje na kuingilia dirishani.

Geti likalia. Hatua zikaja, nzito, bila haraka. Mlango ukapigwa nyundo mara moja, kufuli likaruka, na mkwewe akasimama kwenye mwanga, nyundo mkononi.

"Haya, toka..." Akaona sare.

"Weka chini," askari akasema, sauti yake nyembamba kuliko alivyotaka.

Nyundo ikabaki hewani kwa muda mrefu. Kisha ikaanguka. Nje, getini, Mwenyekiti alikuwa anageuka kuondoka, lakini dada wa mzee alikuwa ameshatokea dirishani na kumdaka ukosi.

"Watu wazima mko hapa," mzee akasema. "Nani kati yenu niliyewahi kumwambia kwamba binti yangu yumo humu?"

"Mimi uliniambia hayumo," akasema fundi redio.

"Niliyemwambia yumo ni mmoja tu. Huyu hapa. Gari lilipokwenda kubeba viti lilishinda ndani ya geti lake, na huyu wa dari akafunga kidude kwa skrubu iliyokuwa mfukoni mwake. Ikatoboa hita. Isingetoboa, mwanangu asingeliacha gari, angeshakufa."

"Mke wangu yule!" mkwe akafoka.

Mwenyekiti alijinyoosha kola. "Mimi ni msuluhishi. Ndoa ikivunjika mtaani kwangu, wakubwa wanasema sijui kazi. Nilitaka warudiane, basi."

"Na dari?"

"Dari ni shukrani tu."

"Umemuuza mtoto kwa dari," mzee akasema. Hakupiga kelele. "Hata mvua haikuwa inakunyeshea."

Askari aliwachukua wote wawili. Mwenyekiti aliomba akae kiti cha mbele cha gari la polisi, na askari akamfungulia.

Siku ya pili mzee alifunga rejeta mpya ya hita, akarudisha dashibodi, zikabaki skrubu nne asizojua zimetoka wapi. Alipoliwasha, kioo kilibaki safi, bila ukungu. Binti alikuja na begi moja. Kituoni walishaanza kuzungumzia dhamana.

"Baba, sitakwambia ninakokwenda."

"Na mimi sikuulizi."

Alimkumbatia kwa nguvu, kisha akageuka na kukiweka kipaji cha uso kwenye ukuta wa nyumba, macho amefumba. Gari likatoka getini. Alipokadiria kuwa linafika kona, akaziba na masikio, asije akajua limekata upande gani.